Nimependa bangalo ya mwaka 1923, mume wangu hataki hata kushuka garini

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Pangani, na kwa miaka tisa sasa ninaishi Louisville, katika jimbo la Kentucky, Marekani. Ninafanya kazi ya usiku katika nyumba ya kulelea wazee, na mume wangu, mtu wa Tabora, ni fundi wa injini za malori. Tumepanga fleti ya vyumba viwili ambayo kodi yake imepanda kila mwaka tangu tulipoingia, na mwaka jana tulikubaliana kwamba akiba tuliyoidunduliza, ambayo sasa imefika dola 24,000, itumike kununua nyumba. Mpaka hapo tulikuwa kitu kimoja.

Asubuhi moja nilipokuwa natoka kazini barabara yangu ya kawaida ilikuwa imefungwa, nikalazimika kupita ndani ya mtaa wa Beechmont, kusini mwa jiji. Sikuwahi kuuona vizuri. Nyumba zimejipanga chini ya miti mikubwa, nyingi ni za ghorofa moja na nusu, paa limelala chini na kutokeza mbele kama kofia iliyovutwa hadi kwenye nyusi, na chini ya upenu unaona ncha za boriti zimeachwa wazi bila kufichwa. Mbele kuna baraza pana lililobebwa na nguzo nene za mraba, nene chini na nyembamba kadiri zinavyopanda. Kwenye mojawapo alikuwa amekaa mzee mmoja na kikombe chake cha kahawa, akaniinulia mkono. Shangazi, nilisimamisha gari. Niliiona nyumba ya bibi yangu Pangani, lile baraza ambalo hakuna aliyepita bila kusalimu, na nikagundua kwamba katika miaka tisa ya nchi hii sijawahi kuwa na mahali pa kukaa nje nikaonekana na majirani.

Nilikuja kujua kwamba nyumba hizi zinaitwa bangalo za mtindo wa Craftsman. Tangu hapo ninazitafuta kila ninapopata nafasi. Mtaa wa Clifton unazo nyumba za zamani za kupendeza, lakini niliyoitazama iliuzwa kwa zaidi ya dola 350,000. Shawnee, upande wa magharibi, bei ni ndogo mno, lakini kila ninayemwambia ananionya nisikanyage huko. Hatimaye nilipata moja huko huko Beechmont, iliyojengwa mwaka 1923, kwa dola 190,000. Sakafu ni ya mbao za mwaloni, kati ya sebule na chumba cha kulia kuna kabati za vioo zilizojengewa ukutani, na meko ya ukutani ina vigae vya kijani ambavyo nimeviota usiku. Pia sitakuficha mengine: chumba cha chini ya ardhi kina harufu ya unyevu, nyaya za umeme zimevikwa kitambaa, na rangi ya madirisha ya chumba ambacho kingekuwa cha watoto inabanduka. Mdogo wangu ana miaka miwili. Nilipoinua tochi nikaona pia boriti moja imepigwa muhuri wa herufi na namba, na dalali akasema huenda nyumba hii iliagizwa kwa katalogi ya Sears, kampuni kubwa ya maduka iliyouza bidhaa kwa posta.

Mume wangu alitupeleka mpaka mlangoni na hakushuka garini. Alisema hakuvuka bahari ili anunue nyumba ya marehemu. Yeye anataka nyumba mpya upande wa Shepherdsville, yenye gereji ya zana zake, kwa dola 265,000, na anasema wenzetu watatucheka wakisikia tumenunua kuukuu. Kisha dalali alitutumia nyaraka za kiwanja. Ndani yake mlikuwa na sharti la miaka ya 1920 linalokataza nyumba za eneo lile kuuzwa au kupangishwa kwa mtu mweusi, isipokuwa akiwa mtumishi wa nyumbani. Mume wangu aliisoma kwa sauti, akaiweka simu mezani, akasema, "Umeona? Haikujengwa kwa ajili yetu." Tangu siku hiyo hatujazungumza habari za nyumba.

Je, ninakimbiza ndoto? Ipo njia ya kupata mtaa wa kihistoria wenye nyumba kama hizi kwa fedha zetu bila kuangamia, au nimfuate mume wangu ili nyumba iwe na amani?

Mpenda Baraza, Louisville

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma nikabaki nimesimama pale kwenye gari, dirisha limepandishwa, mwanamume ameshika usukani na injini inaunguruma, na wewe uko ndani unapapasa vigae vya kijani. Umeniandikia kwamba mnagombania nyumba mpya na nyumba ya zamani. Mimi naona wewe umeshaanza kukaa katika nyumba hiyo kwa mawazo, na yeye hajaingia hata kwa miguu, kwa hiyo mnajadili vitu viwili ambavyo havijawahi kukutana.

Nianze na macho yako, maana hayakukosea. Neno bangalo asili yake ni Bengali, ambako lilitumika kwa nyumba za chini zenye baraza, na Waingereza ndio waliolibeba kutoka India hadi kwingineko. Mtindo wa Craftsman ulichukua jina lake kwa jarida la The Craftsman alilolitoa Gustav Stickley, mtengeneza samani, kati ya mwaka 1901 na 1916, akihimiza nyumba rahisi, za mbao zinazoonekana kuwa mbao, zenye kazi ya mkono isiyofichwa. Zile ncha za boriti ulizoziona hazikuachwa wazi kwa uvivu. Na ingawa matajiri wa Pasadena kule California walijijengea za fahari, bangalo nyingi za miji ya kati ya Marekani zilijengwa kwa ajili ya makarani, mafundi na wafanyakazi wa reli. Mume wako anasema ni nyumba za kuchekwa. Kwa kweli ni nyumba za watu wa kazi kama yeye.

Hapo ndipo utafutaji wako upate mwelekeo. Ukitaka mitaa ya bangalo katika jiji lolote la huko, usianze na orodha ya nyumba zinazouzwa, anza na ramani ya zamani uangalie tramu zilipita wapi kati ya mwaka 1905 na 1930, kwa sababu viwanja vilikatwa pembezoni mwa njia hizo ili mtu asiye na gari afike kazini. Beechmont yenyewe ilikua namna hiyo, kwenye njia ya kuelekea bustani ya Iroquois, mojawapo ya bustani zilizosanifiwa na Frederick Law Olmsted, msanifu maarufu wa bustani, kuanzia mwaka 1891. Bustani ya Shawnee ni ya mkono huo huo. Ng'ambo ya mto Ohio, huko New Albany na Jeffersonville katika jimbo la Indiana, wapo pia waliojenga nyakati hizo, na sijaona ukizitaja. Pengine hujavuka daraja.

Sasa kuhusu hilo neno nafuu. Mtaa wa kihistoria ukiwa na bei ndogo, ipo sababu, na ni heri uijue kabla ya kuweka sahihi. Pengine ni kelele. Pengine ni ukarabati ulioahirishwa kwa miaka arobaini na sasa unamsubiri mnunuzi. Na pengine ni historia ya benki kuwanyima mikopo watu wa eneo fulani mpaka nyumba zao zikakosa matunzo na thamani. Upande wa magharibi wa Louisville uko hasa katika hili la tatu. Huko ndiko alikokulia Muhammad Ali, katika nyumba ndogo ya barabara ya Grand Avenue, na huko zipo familia zilizotunza mabaraza yao kwa vizazi. Sikwambii uhamie Shawnee. Nakuuliza tu: hao wote waliokuonya, ni wangapi wamewahi kukaa huko, au hata kupita mchana wakashuka kununua maji? Dalali hatakusaidia kwa swali hili, kwa sababu sheria ya makazi ya mwaka 1968 inamkataza kumwelekeza mteja kwenye mtaa au kumwondoa kwa misingi ya rangi, dini au asili ya wakaaji, na wengi hujilinda kwa kutosema lolote kuhusu usalama. Itabidi uangalie mwenyewe takwimu za uhalifu zinazotolewa na polisi, mtaa kwa mtaa, kisha uende kwa miguu.

Beechmont nayo ina sababu yake, ambayo wewe mfanyakazi wa usiku unapaswa kuipima kwa namna ya pekee. Uwanja wa ndege uko jirani, na Louisville ndiyo kituo kikuu duniani cha UPS, kampuni ya kusafirisha vifurushi, kwa hiyo ndege za mizigo hushuka na kupaa usiku watu wanapolala. Siku usiyo na zamu, nenda ukaegeshe gari mbele ya nyumba hiyo saa nane za usiku, uzime redio, ukae saa nzima. Rudi tena mchana, saa ambayo wewe ungekuwa kitandani, usikilize mtaa ukoje. Na yule mzee wa kahawa, mwanangu, kwa nini hukushuka ukamsalimu? Muulize analipa kiasi gani cha gesi ya kupasha nyumba joto mwezi wa Januari. Bangalo nyingi za umri huo zilijengwa na kuta zisizo na kitu ndani cha kuzuia baridi, na yeye atakujibu kwa ukweli ambao muuzaji hatakuwa nao.

Nije kwenye jambo lililonikosesha raha katika barua yako, nalo ni rangi inayobanduka. Rangi yenye madini ya risasi ilipigwa marufuku katika nyumba za Marekani mwaka 1978, na nyumba ya mwaka 1923 nakushauri uichukulie kuwa inayo mpaka vipimo vikuonyeshe vinginevyo. Hatari kubwa iko madirishani, kwa sababu kila dirisha linapopandishwa na kushushwa mbao husuguana, vumbi likadondoka kwenye kizingiti, na mtoto wa miaka miwili hushika kizingiti kisha akatia vidole kinywani. Risasi hudhuru ubongo unaokua, na madhara hayo hayarudishwi nyuma. Sheria inamlazimu muuzaji kukueleza anachokijua, na inakupa siku 10 za kufanya ukaguzi wa risasi kabla mkataba haujakufunga. Zitumie, hata dalali akikuhimiza uachane nazo ili umridhishe muuzaji. Tatizo hili lina tiba, na familia nyingi zenye watoto zinaishi salama katika nyumba za umri huo, lakini tiba ifanyike kabla hamjahamia, na mafundi waliofunzwa kazi hiyo, bila kukwangua kavu kwa msasa.

Nyaya zilizovikwa kitambaa huenda ni za ule mfumo wa zamani unaopita kwenye vishikizo vya kauri, na yapo makampuni ya bima yasiyokubali kuikatia bima nyumba yenye nyaya hizo. Bila bima hakuna mkopo. Piga simu kwa bima kabla ya kutoa ofa. Mwambie mkaguzi aingize kamera katika bomba la maji taka, kwa kuwa mabomba ya enzi hizo mara nyingi ni ya udongo wa kuchomwa, na ile miti mikubwa uliyoipenda ina mizizi. Unyevu huenda ni mfereji wa paa ulioziba tu, au huenda ni msingi. Kentucky ina mawe mengi ya chokaa, basi pima pia radoni, gesi yenye mionzi itokayo ardhini, ambayo haina harufu wala rangi. Hii hata katika nyumba mpya.

Tufanye hesabu kidogo. Mkopo unaodhaminiwa na FHA, shirika la serikali la bima ya mikopo ya nyumba, kwa mwenye alama za mikopo (kipimo cha jinsi unavyolipa madeni) 580 na kuendelea, unataka malipo ya awali ya asilimia 3.5, ambayo kwa nyumba ya dola 190,000 ni dola 6,650. Gharama za kufunga ununuzi, yaani ada za benki na za hati, kwa kawaida huwa kati ya asilimia 2 na 5, yaani dola 3,800 hadi 9,500. Katika akiba yenu zingebaki kati ya dola 7,850 na 13,550, na kubadilisha nyaya za nyumba nzima peke yake huweza kumeza dola 10,000 na zaidi. Kisha FHA hawakubali rangi inayobanduka katika nyumba iliyojengwa kabla ya mwaka 1978; ni lazima irekebishwe. Upo mkopo wao uitwao 203(k) unaojumlisha bei ya nyumba na gharama za ukarabati katika deni moja. Unasaidia, lakini una makaratasi mengi, fundi lazima akubaliwe na mkopeshaji, na wauzaji wengine humkimbia mnunuzi anayekuja nao kwa sababu ya muda.

Lakini usidhani nyumba ya Shepherdsville ni salama kwa mfuko. Asilimia 3.5 ya dola 265,000 ni dola 9,275, na gharama za kufunga kwa kipimo kile kile zinaweza kufika dola 13,250, hivyo mnaweza kuingia humo mkiwa na dola 1,475 mkononi, marejesho makubwa zaidi kila mwezi, na wewe kuendesha kama kilomita 30 alfajiri ukiwa na usingizi. Mume wako naye anastahili kuiona hesabu hii, kama wewe unavyostahili kuiona ya nyaya. Wapo washauri wa makazi walioidhinishwa na HUD, idara ya serikali ya makazi, ambao huduma yao ni ya bure au ya gharama ndogo. Nendeni wote wawili, siyo mmoja apeleke habari kwa mwingine.

Kuhusu neno kihistoria, lina maana mbili na watu huzichanganya. Mtaa ulio chini ya ulinzi wa jiji lenyewe, kama Clifton au Cherokee Triangle, una kamati, na huwezi kubadilisha madirisha au nguzo za mbele bila kibali chao. Orodha ya taifa ya maeneo ya kihistoria ni jambo jingine. Haimzuii mwenye nyumba anayetumia fedha zake kufanya atakalo. Na nyumba ikiwa imo katika orodha hiyo, au ni sehemu halali ya eneo lililoorodheshwa, Kentucky ina nafuu ya kodi ya asilimia 30 ya gharama za ukarabati kwa mwenye kuishi humo, mradi atumie angalau dola 20,000 na aombe kabla ya kuanza kazi. Kiasi hupungua waombaji wakiwa wengi, maana jimbo limeweka kikomo cha mwaka, kwa hiyo usiiweke katika bajeti kana kwamba imeshafika.

Limebaki lile sharti, ambalo nimeliacha makusudi mpaka sasa. Mwaka 1914 jiji lenu la Louisville lilitunga sheria ya kuwazuia watu weusi kuhamia katika barabara zenye weupe wengi, na kinyume chake. Mahakama Kuu ya Marekani iliibatilisha mwaka 1917, katika kesi ya Buchanan dhidi ya Warley. Jiji liliponyang'anywa fimbo, wenye viwanja katika nchi ile wakazidi kuikamata wenyewe, wakaandika ubaguzi ndani ya hati za mauzo, na huo ndio wakati ambapo bangalo yako ilikuwa inapigiliwa misumari. Mwaka 1948, kwa kesi ya nyumba ya St. Louis iitwayo Shelley dhidi ya Kraemer, mahakama hiyo ilisema hakuna korti inayoweza kuyatekeleza masharti hayo, na sheria ya mwaka 1968 ikauharamisha ubaguzi katika kuuza na kupangisha. Maneno yamebaki kwenye karatasi, hayana nguvu. Lakini mume wako hakuuliza kama yana nguvu. Alisoma kwa sauti, akaweka simu mezani. Nadhani hicho alichokiita kuukuu na kicheko cha wenzenu kilikuwa kifuniko cha jambo ambalo hakuwa na namna ya kulisema mpaka karatasi ilipomsemea. Usimjibu kwa mahakama, mwanangu, hata kama mimi nimekupa kesi mbili. Muulize alipokuwa garini aliona nini. Wapo watu weusi ambao kununua nyumba yenye sharti kama hilo kumewapa furaha ya kimya kila wafunguapo mlango, na wapo ambao wasingeweza kulala humo. Hakuna kati yao aliyekosea.

Wewe nawe nikuulize swali lako. Kama Shepherdsville kungekuwa na nyumba yenye baraza pana na majirani wanaopita kwa miguu, bado ungeitaka ya Beechmont? Na kama bangalo hii ingekuwa barabara ambayo hapiti mtu, ungeipenda hivyo hivyo? Nauliza hivi kwa sababu vipo vitu viwili umevifunga kitambaa kimoja, yaani ufundi wa zamani na kusalimiwa, na bei zake si sawa. Ipo pia njia ambayo hukuitaja, ya kupanga nyumba ndani ya Beechmont kwa mwaka mmoja. Hasara yake inaeleweka, kwamba kodi haijengi na bei zaweza kupanda mkingali mnatazama. Faida yake ni kwamba mtakuwa mmeonja majira ya baridi, ndege za usiku na majirani, na mume wako atakuwa amekaa barazani kabla ya kutakiwa aamue.

Umenitajia na ile boriti. Sears waliuza nyumba kwa katalogi kati ya mwaka 1908 na 1940, mbao zikasafirishwa kwa treni zikiwa zimeshakatwa kwa vipimo, nyingi zikiwa na herufi na namba ili mjengaji ajue ipi inaingia wapi. Madalali wa huko hupenda kuiita Sears kila nyumba ya umri huo, na makampuni mengine, kama Aladdin ya Michigan, nayo yaliuza hivyo hivyo, kwa hiyo muhuri mmoja hautoshi. Inabidi kupekua boriti nyingine karibu na ncha zake, na chini ya ngazi, kuona kama namba zinafuatana. Hiyo ni kazi ya mtu aliyezoea kulala chini ya lori na tochi mdomoni akisoma namba za vipuri. Mwombe ashuke akusomee.